UZI: Jordan kuacha kikapu akaenda besiboli, acheni kusema alichemka, tukae na namba zenyewe

Nyavu Nyeupe #1

Wakuu heshima kwenu. Kila mada ya Jordan ikianza humu lazima atokee mtu aseme "ila kwenye besiboli alichemka", watu wanacheka, mada inakufa. Leo nataka tukae na hii kitu vizuri maana naona inasemwa kirahisi mno, na wengi wanaoisema hawajui jamaa alianzia wapi wala ni nini kilichomrudisha kikapuni. Msimamo wangu nautoa mapema kabisa: ule mwaka mmoja wa besiboli ni kati ya vitu vikubwa alivyowahi kufanya yule mwamba. Tena nikiwekewa mezani pete zake sita na ule mwaka wa kusafiri na mabasi ya timu ndogo ya besiboli huko Alabama niambiwe nichague kipi kinaniambia zaidi yeye ni mtu wa aina gani, nachukua mabasi.

Twende taratibu.

Juni 1993 Chicago Bulls wanabeba ubingwa wa tatu mfululizo, wamewatoa Phoenix Suns ya Barkley 4-2. Fainali ile Jordan alikuwa na wastani wa pointi 41 kwa mechi, na mpaka leo hakuna aliyeufikia kwenye fainali. Ana miaka 30 tu. Wiki chache baadaye, tarehe 23 Julai, baba yake mzee James Jordan anarudi kutoka mazishini Wilmington, North Carolina, anaendesha mwenyewe usiku, usingizi unamzidi, anapaki pembeni ya barabara kuu namba 74 karibu na Lumberton ajilaze kidogo. Gari yenyewe Lexus nyekundu aliyopewa zawadi na mwanae. Akauawa pale pale kwa risasi, gari ikachukuliwa, na vijana wawili walikuja kuhukumiwa kwa mauaji hayo mwaka 1996. Mwili ulionekana tarehe 3 Agosti kwenye kijito cha kinamasi upande wa South Carolina, ukaja kutambuliwa kwa meno tarehe 13. Yani mzee wa watu alikuwa ameshafariki wiki tatu ndo familia inapata uhakika.

Sasa huyu mzee alikuwa ni rafiki wa mwanae kabisa, anasafiri nae, anaonekana nae kila sehemu, ubingwa wa 1991 ile picha ya Jordan amelikumbatia kombe analia pembeni yake yupo baba. Na mzee James roho yake ilikuwa kwenye besiboli toka zamani, aliicheza yeye mwenyewe kwenye timu za kulipwa nusunusu, ndo aliyemuingiza Michael kwenye mchezo akiwa mtoto mdogo. Dogo akiwa na miaka 12 alikuwa tishio kwenye ligi za watoto za besiboli huko kwao. Kikapu kilikuja kumchukua baadae. Na kabla mzee hajauawa walishaongea hilo jambo wao wawili, kwamba ukikiweka kikapu pembeni ujaribu besiboli.

Tarehe 5 Oktoba 1993 Jordan yuko Comiskey Park anarusha mpira wa ufunguzi mechi ya mtoano ya White Sox, timu ya besiboli ya Chicago, mechi ikiwa inaendelea taarifa zikaanza kuvuja kwamba anastaafu. Kesho yake akakaa mbele ya waandishi akasema hana tena cha kuthibitisha kikapuni. Dunia nzima ikabaki mdomo wazi.

Naendelea, nipeni dakika.

Bint wa Pwani #2

Nimeweka mkeka nakaa hapa hapa. Hiyo ya baba yake nilikuwa najua kijuujuu tu, sikujua walikaa wiki tatu hawajui mzee yuko wapi. Endelea kaka.

Dokta Mbishi #3

Mleta uzi unapita pembeni ya jambo lenyewe. Jamaa alikuwa mcheza kamari na kila mtu anajua, NBA ilikuwa inamchunguza, ghafla anastaafu akiwa na miaka 30 kileleni, anakaa nje mwaka na nusu alafu anarudi kama hakuna kilichotokea. Ile ilikuwa adhabu ya kimyakimya, besiboli ilikuwa ni pazia.

Nyavu Nyeupe #4

Dokta nilikuwa nakusubiri. Kamari ni kweli wala sifichi. Mwaka 1992 alisimama mahakamani chini ya kiapo akakiri hundi ya dola 57,000 aliyompa jamaa mmoja ilikuwa ni deni la kamari ya gofu. Mei 1993 katikati ya mechi na Knicks akaenda kasino za Atlantic City watu wakapiga kelele sana. Na NBA ikachunguza ndio, ikafunga faili Oktoba 1993 ikisema hajavunja kanuni, na David Stern aliyekuwa bosi wa ligi alikana hiyo habari ya kumfungia kwa miaka yote mpaka anafariki.

Ila usiniambie Stern alikana ndo nimeamini. Mi nakuuliza swali moja: kama ilikuwa adhabu yenye muda wake kwanini alirudi kikapuni Machi 1995, msimu umebaki mechi 17, wiki ile ile mgomo wa besiboli ulipokuwa umembana hana pa kupita? Adhabu ingekuwa na tarehe zake. Huyu tarehe zake zilipangwa na mgomo. Nitafika huko, weka hii akilini.

Haya tuendelee. Mmiliki wa Bulls ni Jerry Reinsdorf, na White Sox ni ya huyo huyo Reinsdorf, kwa hiyo mlango ulikuwepo. Huo ni upendeleo wala tusizunguke, mtu mwingine wa miaka 31 ambaye mara ya mwisho kushika gongo kwenye mechi ya maana ni sekondari ya Laney mwaka 1981 asingepewa hata majaribio. Alisaini mkataba wa ligi ndogo tarehe 7 Februari 1994. Mshahara wake wa Bulls, kama dola milioni 4 hivi, Reinsdorf aliendelea kumlipa. Ila kwenye besiboli alilipwa kama wenzie, dola 850 kwa mwezi na dola 16 za chakula kwa siku wakiwa safarini.

Na kabla hata ya kusaini alikuwa ameshaanza kujifua chini ya uwanja wa Comiskey, baridi ya Chicago ya Desemba na Januari, anapiga mipira ndani ya wavu na kocha wa upigaji wa White Sox Walt Hriniak, mpaka viganja vikachubuka vikatoa damu, wanamfunga bendeji anaendelea. Mtu ambaye mikono yake ilikuwa na bima ya dunia nzima jamani, na hakuna kamera pale.

Kijana wa Mikocheni #5

Mkuu mi naomba msaada hapo, sisi wengine besiboli tunaiona kwenye muvi tu. Hiyo namba ya 0.202 kila mtu anayomcheka nayo maana yake ni nini hasa? Na ugumu uko wapi kugonga mpira na gongo, mbona kriketi wanagonga kila siku.

Mbongo Houston #6

Ngoja nimsaidie mleta uzi hapa maana mi huu mchezo naishi nao, vijana wangu wote wanacheza.

0.202 maana yake kila zamu 100 za kupiga alipata mapigo safi kama 20, yani mpira umeugonga na wewe umefika besi salama, kile kituo cha kukimbilia. Usiichukue kama mtihani wa shule ukasema kapata asilimia 20. Kwenye besiboli ukipata mapigo 3 kwenye zamu 10 miaka yote wewe ni staa mkubwa unalipwa mamilioni. Mchezaji wa kawaida ligi kuu anacheza kwenye 0.250 hivi. Kwa hiyo umbali kati ya Jordan na mchezaji wa kawaida ni kama pigo moja kwenye zamu 20.

Na kriketi gongo ni pana kama ubao, mpira unadunda chini kwanza, ukiugusa ukaenda nyuma ni sawa tu unapata mbio. Huku gongo ni la mviringo, mrushaji yuko mita 18 na kitu mbele yako, mpira wa kilomita 145 kwa saa unakufikia ndani ya sekunde 0.4 hivi. Nusu ya huo muda unatakiwa uwe umeshaamua unapiga au unaacha. Alafu kuna mpira unakuja umenyooka kabisa ukikaribia unakata kona unashuka. Macho yanatakiwa yatambue mzunguko wa nyuzi za mpira ukiwa bado karibu na mkono wa mrushaji, na hicho kitu hakifundishwi kwa nguvu wala kwa kuruka juu, kinakuja kwa kuona maelfu ya mipira toka ukiwa mdogo. Wenzie waliiona hiyo mipira kati ya miaka 18 na 30. Yeye miaka hiyo alikuwa anaruka kikapuni.

Na urefu wake wa mita 1.98 ulimuumiza. Eneo la kurushia linapimwa kuanzia magotini mpaka kifuani, mtu mrefu anampa mrushaji dirisha kubwa. Mikono mirefu nayo inachelewa kuzunguka. Yani vile vitu vilivyomfanya awe Jordan kule, huku vilikuwa mzigo.

Nyavu Nyeupe #7

Mbongo Houston umeniokoa, hapo ndo nilikuwa napatafuta. Watu wakielewa hiyo aya ya nyuzi za mpira nusu ya mzaha inaisha.

Sasa Machi 1994 yuko kambini Sarasota, Florida. Jarida la Sports Illustrated toleo la tarehe 14 Machi likamuweka kwenye jalada akiwa anakosa mpira, na kichwa cha habari cha kumwambia aache, kwamba yeye na White Sox wanaiaibisha besiboli. Jarida ambalo lilikuwa limemuweka kwenye jalada mara kibao akiwa bingwa. Jordan akaacha kuongea na lile jarida toka siku hiyo, mpaka leo miaka zaidi ya 30 hajawapa mahojiano. Wengine wanaona ni kisirani, mi naona ana haki, maana mtu anajifunza mbele ya dunia nzima miezi saba baada ya kumzika baba yake, wewe unaandika aibu.

Tarehe 7 Aprili akacheza mechi ya kirafiki Wrigley Field, White Sox na Cubs, mbele ya watu wa Chicago, akapata mapigo 2 kwenye zamu 5 na kuingiza alama mbili. Kesho yake akaanza kazi rasmi Birmingham Barons, Alabama. Mechi ya kwanza dhidi ya Chattanooga zamu tatu, pigo hakuna.

Na hapa kuna kitu watu hawakijui kabisa. Barons ni daraja la AA, ngazi mbili chini ya ligi kuu. Mchezaji anayeanza kawaida anapelekwa madaraja ya chini kabisa huko, anapanda ngazi moja moja miaka miwili mitatu ndo anaigusa AA, na wengi wanafia hapo hapo. Jordan akatupwa AA moja kwa moja, sababu mojawapo ni kwamba viwanja vya chini visingeweza kubeba waandishi na watu waliokuwa wanamfuata. Kwa hiyo umaarufu wake uliompa nafasi ndo huo huo ukampeleka sehemu ambayo hakuwa tayari nayo.

Alafu kilichofuata kinanishangaza mpaka leo. Mwanzo mwanzo aligonga. Alipata pigo kwenye mechi 13 mfululizo, wastani ukawa juu ya 0.300, watu wakaanza kuuliza kumbe inawezekana? Warushaji walikuwa wanamletea mipira ya moja kwa moja, ya kasi, na mwili wake uliimudu. Taarifa zikazunguka ligi nzima, huyu bwana mpe ile ya kupinda. Wakaacha kabisa kumpa ya moja kwa moja. Wastani ukaanza kushuka, ukashuka, ukashuka mpaka ukaenda chini ya 0.200, na namba hiyo ina maana yake kwenye besiboli, ukikaa chini ya hapo unaonekana huna kazi pale.

Fikirieni nafasi aliyokuwepo. Ana kila sababu ya kuondoka. Angesema nimejaribu, nimefurahi, kwaherini, nani angemlaumu? Badala yake akawa anakuja uwanjani mapema kabla ya wenzie na kocha wa upigaji Mike Barnett, anapiga, anapiga tena na timu, mechi ikiisha anarudi kupiga. Kila siku inayoenda kwa Mungu, na huko mechi ni karibu kila siku. Kocha mkuu alikuwa Terry Francona, amemzidi miaka minne tu, kipindi hicho hana jina, ndo huyu huyu aliyekuja kuwapa Boston Red Sox ubingwa 2004 baada ya miaka 86 ya ukame. Francona amesimulia mara nyingi kwamba hakuwahi kupata shida na Jordan ya nidhamu wala ya kujiona.

Mwalimu Neema #8

Mimi naomba nipingane, kwa heshima. Mnamuongelea Jordan tu, hakuna anayemuongelea kijana ambaye alikaa benchi ili Jordan acheze. Timu ina nafasi tatu za walinzi wa nje. Kuna kijana wa miaka 22 amelala kwenye mabasi toka ana 18, analipwa hiyo 850 na ndo anayoiishi kweli, hana milioni 4 za Reinsdorf zinazoingia pembeni. Msimu mmoja kwa yule kijana ndo maisha yake yote. Jordan alicheza mechi 127, karibu msimu mzima, na 0.202. Mwingine yeyote mwenye 0.202 angekalishwa benchi kufikia Juni. Na mkisema alilipwa kama wenzie mnaniudhi kidogo, umaskini wa kuchagua sio umaskini.

Nyavu Nyeupe #9

Mwalimu hoja yako ni nzito na sitaizunguka. Ni kweli. Mwingine angekalishwa. Na kuhusu mshahara nakubali, ile 850 kwake ilikuwa ni karatasi tu.

Ila nikupe na upande wa pili wa wale vijana. Barons mwaka ule waliingiza watazamaji 467,867 nyumbani Hoover, vijana ambao walizoea kucheza mbele ya watu wachache wakawa wanacheza mbele ya viwanja vimejaa kila walipoenda, Memphis, Huntsville, Chattanooga, kote tiketi zinaisha. Hata basi la timu likabadilishwa likaletwa la kisasa lenye viti vya kulala, na safari zenyewe ni za saa nyingi usiku. Hiyo hailipi nafasi ya aliyekaa benchi, hapo upo sahihi na utabaki sahihi. Nasema tu kwamba wengi waliocheza nae wameongea vizuri juu yake miaka yote hii, na watu wa vyumba vya kubadilishia nguo huwa hawadanganyi kwa miaka 30.

Dokta Mbishi #10

Mwalimu Neema kamaliza. Na ongezeni hapo: makosa 11 akiwa mlinzi, alitoka kapa mara 114, yani kukosa mipira mpaka anatolewa, akijaribu kuiba besi amekamatwa mara 18. Homurani, yani mpira wa kuvuka ukuta, 3 tu mwaka mzima kwa mtu mwenye mwili ule. Hizo ndo namba, uzi umesema tukae na namba.

Nyavu Nyeupe #11

Sawa tukae nazo zote basi usichague. Kapa 114 ndio, kwenye zamu 436 za kupiga. Ila alipewa besi za bure 51, maana yake alikuwa anajifunza kuacha mipira mibaya. Aliingiza alama 51. Aliiba besi 30. Watu wakubwa wenye mpira wao wanamaliza msimu mzima wa AA hawajaiba 30 wala hawajaingiza 51, kuvipata vyote viwili na upigaji wa 0.202 ni kitu cha ajabu.

Na homurani 3, ngoja nikueleze ya kwanza maana ndo sababu ya mimi kuandika huu uzi.

Msimu ulianza Aprili. Mei ikapita hana homurani. Juni ikapita. Julai inaisha. Tarehe 30 Julai, nyumbani Hoover, wanacheza na Carolina Mudcats, mechi imefika hatua ya nane, mrushaji ni Kevin Rychel. Jordan akaugonga ule mpira ukaenda upande wa kushoto ukavuka ukuta. Uwanja ukalipuka. Akazunguka besi zote nne, alipoifikia ya nyumbani akanyoosha mkono juu mbinguni.

Tarehe 31 Julai, yani kesho yake, ilikuwa ni siku ya kuzaliwa ya mzee James. Angetimiza miaka 58. Baada ya mechi Jordan aliongea na waandishi kwa uchungu, akasema ile ni ya baba yake.

Miezi minne ya kukosa mipira mbele ya kamera alafu inakuja siku hiyo. Dokta wewe nihesabie homurani tatu, mi nitaihesabu hiyo moja.

Bint wa Pwani #12

Jamani. Miaka yote nasikia hii stori kama kichekesho, hakuna aliyewahi kunihadithia hiyo sehemu ya tarehe. Na kaka, eti namba yake ya jezi ilikuwa 45 kule? Nakumbuka kuna kipindi alirudi Bulls na 45 pia.

Mbongo Houston #13

Dada 45 ndo namba aliyokuwa akiipenda toka utotoni, ila kaka yake Larry alikuwa anaivaa, wakajikuta timu moja sekondari, Michael akachukua nusu yake, 22 na nusu, akaipandisha ikawa 23. Besiboli akarudia 45 yake.

Nirudi kwa Dokta. Namba za mwaka mmoja zinasomwa na mwelekeo wake. Msimu wa AA ulipoisha alikwenda ligi ya vuli ya Arizona, timu ya Scottsdale Scorpions. Ile ligi timu zinapeleka vijana wao bora wanaotarajiwa kupanda ligi kuu, warushaji wa pale ni wakali kuliko wa Birmingham. Akapiga 0.252. Toka 0.202 kwenda 0.252 mbele ya warushaji bora zaidi, ndani ya miezi michache, akiwa na miaka 31. Kwa anayejua mchezo hiyo ndo namba ya kuangalia. Francona amesema akipewa zamu 1,000 nyingine anaamini angefika ligi kuu.

Mimi binafsi nasema angefika kukaa benchi, kukimbia besi dakika za mwisho, kuingia kulinda. Staa asingekuwa. Lakini kufika tu ni kitu ambacho wengi wa vijana wa AA hawakipati.

Kijana wa Mikocheni #14

Sasa kama alikuwa anapanda kwanini aliacha?

Nyavu Nyeupe #15

Hapo ndo tunamrudia Dokta na kamari yake.

Tarehe 12 Agosti 1994 wachezaji wa ligi kuu ya besiboli waligoma. Ugomvi ulikuwa ni pesa, wamiliki wanataka kuweka kikomo cha mishahara wachezaji wanakataa. Septemba wakafuta fainali za mwaka ule, kitu hakijatokea toka 1904, vita kuu mbili za dunia zimepita na fainali zilichezwa. Ligi ndogo ziliendelea kwa hiyo Jordan alimaliza msimu wake. Ila kufika Februari 1995 mgomo bado, wamiliki wakaja na mpango wa kufungua msimu na wachezaji wa kuziba mapengo, waokotwe popote, na wale wa ligi ndogo waliopo kambini wakatakiwa kucheza mechi za maandalizi zenye kiingilio.

Jordan akakataa. Hakutaka kutumiwa kuvunja mgomo wa wenzie. Fikiria thamani yake kwa wamiliki pale, viwanja vitupu, watu wana hasira, alafu una Michael Jordan wa kumuuza. Mlango wa ligi kuu ulikuwa wazi kwa njia hiyo, angevaa jezi ya White Sox Aprili ile kirahisi kabisa. Mwanzoni mwa Machi akaondoka kambini, tarehe 10 Machi akatangaza anaacha besiboli. Tarehe 18 ikatoka ile faksi ya maneno mawili ya Kiingereza, "I'm back", yani amerudi. Tarehe 19 yuko Indianapolis na Bulls dhidi ya Pacers, kavaa 45, amepata vikapu 7 tu kwenye mitupo 28, pointi 19, wamefungwa kwenye muda wa nyongeza. Siku tisa baadae Madison Square Garden akawapiga Knicks pointi 55.

Mgomo wenyewe uliisha Aprili 2. Ungeisha Februari naamini kabisa angepelekwa daraja la AAA, la mwisho kabla ya ligi kuu, mwaka ule na Bulls wangemsubiri sana.

Mwalimu Neema #16

Hili la kukataa kuvunja mgomo sikulijua. Linabadilisha kidogo ninavyomuona, kwa sababu kijana yule yule niliyekuwa namtetea ndiye angeumizwa na wale wa kuziba mapengo. Nafasi ya benchi nabaki nayo palepale lakini hili namhesabia.

Dokta Mbishi #17

Wapo waliocheza vyote bila makelele. Danny Ainge alicheza besiboli ligi kuu na Toronto Blue Jays kabla ya kwenda Celtics kubeba ubingwa. Gene Conley ana ubingwa wa besiboli na Milwaukee 1957 na ubingwa wa NBA na Celtics. Dave DeBusschere alikuwa mrushaji wa White Sox hiyo hiyo. Mbona hao hawaimbwi?

Mbongo Houston #18

Wanastahili kuimbwa mkuu, Conley hasa, hakuna mwingine mwenye vyote viwili. Lakini angalia umri. Wote hao walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu wametoka moja kwa moja chuoni au bado wako chuoni, besiboli haijakatika mikononi mwao. Na Ainge unayemtaja, mwanariadha mzuri sana, alikaa ligi kuu misimu mitatu akapiga 0.220, akaona bora kikapu. Hiyo 0.220 ilikuwa ligi kuu sio AA, sichanganyi, ila ni mtu ambaye hakuwahi kuacha kucheza. Jordan alikaa miaka 13.

Dokta Mbishi #19

Miaka 13 nakubali ni mingi. Kamari bado sijaiachia lakini hiyo hoja ya tarehe za mgomo nitaifanyia kazi. Swali la mwisho kwa mleta uzi: ilimsaidia nini alivyorudi? Maana 1995 Orlando waliwatoa, na Nick Anderson alimnyang'anya mpira dakika za mwisho mechi ya kwanza.

Nyavu Nyeupe #20

Ilimgharimu kwanza. Mwili alioujenga ulikuwa wa besiboli, mabega na mikono mizito, miguu haina pumzi ya kikapu. Baada ya ile mechi Anderson akasema 45 hana ule mlipuko wa 23, mechi iliyofuata jamaa katoka na 23 bila kuomba ruhusa ya ligi. Wakatolewa mechi sita. Kiangazi chote cha 1995 akawa anaujenga mwili upya, mazoezi asubuhi mpaka usiku, na msimu uliofuata Bulls wakashinda mechi 72 wakafungwa 10.

Ila kilichobadilika zaidi naona ni jinsi alivyoishi na wenzie. Kabla ya hapo alikuwa hajawahi kuwa mtu wa chini kwenye timu toka awe mtu mzima. Birmingham alikaa miezi na vijana wanaoota tu kupata anachokipata yeye, akawa yeye ndo anayefundishwa, anayekosea, anayetiwa moyo na watoto wa miaka 21. Mwenyewe alisema besiboli ilimkumbusha raha ya kucheza. Hakurudi mpole, pale mazoezini 1995 alimtandika Steve Kerr ngumi ya uso kweli kweli, kwa hiyo sitasema alirudi malaika. Lakini alirudi na hamu ambayo Oktoba 1993 hakuwa nayo.

Na ubingwa wa 1996 dhidi ya Seattle ulikuja tarehe 16 Juni, siku ya akina baba huko Marekani. Kuna picha yake amelala chini ya sakafu chumbani, mpira kaukumbatia, analia kwa sauti. Ukiitazama ukiwa unajua kilichotokea Lumberton na kilichotokea Hoover tarehe 30 Julai huwezi tena kusema katikati pale kulikuwa na mwaka wa kupoteza muda.

Kijana wa Mikocheni #21

Mkuu nimeelewa. Sasa nani ana video ya hiyo homurani ya kwanza aiweke hapa tuione, na Mbongo Houston ukipata nafasi tufungulie uzi wa sheria za huu mchezo toka mwanzo, hiyo habari ya kuiba besi bado sijaipata vizuri, unaibaje besi mbele ya watu?

Mbongo Houston #22

Kesho nikitoka kazini naufungua. Kuiba besi ni hivi, uko besi ya kwanza, mrushaji anageuka kumrushia mpigaji, ule mpira ukishaanza kuondoka mkononi wewe unachomoka kwenda ya pili, mdakaji anaupokea anaurusha haraka ukuwahi. Ni mbio za sekunde tatu na ushee. Jordan alifanya hivyo mara 48 mwaka ule, 30 akafika, 18 wakamuwahi.